Niliandika kwenye daftari la kazini kwamba mzee wa watu amepiga teke ndoo

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na kwa Kiingereza changu cha wakati ule niliiona imenyooka kabisa: "04:10. Resident kicked the bucket. Nurse informed." Nikaweka sahihi, nikanawa mikono, nikaenda kumgeuza bibi wa chumba cha pili. Ilikuwa Novemba 2022, wiki yangu ya tatu Uingereza, kwenye nyumba ya kulelea wazee katika mji mdogo wa Lancashire. Mwaka huo walikuwa wamefungua viza kwa wahudumu wa wazee kutoka nje, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopita mlango huo. Kazi ya usiku, saa mbili hadi saa mbili. Wenzangu wa Dar wanaita kubeba boksi, ingawa boksi langu lilikuwa linapumua na kuniomba chai.

Mtu atauliza, kwa nini usiandike "died" yakaisha? Neno hilo hata mtoto wa darasa la tatu analo. Nililijua. Lakini mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, nimelelewa nikijua kwamba kufa anakufa kuku. Binadamu anafariki, anaaga, anatutoka, anatangulia mbele ya haki. Ukisimama mbele ya wafiwa ukasema "babu yenu kafa", utatazamwa mpaka utamani ardhi ikumeze. Basi usiku ule, kalamu mkononi, maiti ya mzee wa watu haijapoa, nilitafuta neno la heshima. Likanijia lile la kidato cha pili. Ubao mweusi, mwalimu kapiga mstari katikati, kushoto misemo, kulia maana yake. "Raining cats and dogs", mvua kubwa. "Kick the bucket", kufa. Tulikariri kama dua. Hakuna aliyetuambia kwamba upande ule wa kushoto maneno ya kumwandikia waziri na maneno ya kilabuni yamepangwa foleni moja. Kwa miaka kumi na tano niliamini kwamba Mwingereza akitaka kusema "amefariki dunia" kwa lugha ya juu, husema amepiga teke ndoo. Na kwenye mtihani nilipewa tiki.

Meneja aliniita saa mbili kasoro asubuhi, kabla sijavua sare. Mama wa makamo, mkali lakini si mbaya. Alikuwa ameweka lile daftari mezani, kidole chake kiko kwenye mstari wangu. Akaniuliza kama ule ni utani. Nikamwambia hapana, mama, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Akanitazama usoni muda mrefu, akitafuta tabasamu. Alipolikosa, akainuka akafunga mlango, akageukia dirishani, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na anajitahidi kweli kweli asicheke.

Alipotulia akanieleza. Kumbukumbu zile zinaweza kusomwa na daktari, na familia, hata na mahakama. Na haziruhusiwi kufutwa. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, chini yake pabaki panasomeka, unaandika sahihi, tarehe na saa, kisha unaandika upya. Nikapiga mstari. Nikaandika "died". Ndiyo kusema mpaka leo, kwenye kabati fulani la Lancashire, ile ndoo ipo, imepigwa mstari mmoja na inasomeka vizuri.

Habari ilizunguka jengo zima kabla ya chakula cha mchana. Ndivyo nilivyompata Mzee.

Huyu alikuwa na miaka themanini na tisa, chumba cha mwisho kabisa, usingizi umemkimbia. Jina lake alitaka nilitaje bila kiungo chochote, kama wanavyofanya wao, ulimi wangu ukagoma kumwita mtu wa umri wa babu yangu kwa jina tupu. Nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, akaipenda, na tangu hapo nikichelewa kidogo tu nasikia kengele. Nikiingia ananiambia, "Mzee hajapiga ndoo bado. Andika hivyo."

Yeye ndiye aliyenifungulia chuo. Kwanza akaniambia ndoo yenyewe si ndoo. Kwa wachinjaji wa zamani "bucket" lilikuwa jina la boriti ambayo nguruwe alitundikwa kichwa chini, na akikata roho miguu inaipiga ile boriti. Wapo wanaosimulia habari ya mtu anayejinyonga akisimama juu ya ndoo, lakini wenye kamusi wengi wanaegemea boriti. Msemo ni mzee, umo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose ya mwaka 1785. Mimi Mwislamu, mtoto wa Kisarawe, kwa miaka kumi na tano nilikuwa nawaheshimu marehemu kwa mfano wa nguruwe. Nilipomwambia Mzee hivyo alikohoa mpaka nikampa maji.

Msemo wake mwenyewe, wa nyumbani kwao, ulikuwa "popped his clogs". "Clogs" ni viatu vya soli ya mti, chini vimepigiliwa vyuma kama kwato za farasi, ndivyo walivyovaa wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Mzee aliingia kiwandani mwaka 1949, ana miaka kumi na mitano. Alinielezea asubuhi za mtaa wao: giza, ukungu, na vyuma vya viatu vya mamia ya watu vinagonga mawe ya barabara kwa pamoja, huhitaji saa ya kukuamsha. Na "pop" kwa lugha ya zamani ni kuweka rehani. Mtu akifa, viatu vyake vya kazi hana haja navyo tena, vinapelekwa kwa mweka rehani. Maelezo matamu. Mwenyewe aliyaamini, nami sikuwa na moyo wa kumwambia nilichosoma baadaye, kwamba msemo huo haukuanza kuonekana kwenye maandishi mpaka karibu na mwaka 1970, wakati viwanda vinafungwa na viatu vile vinaingia makumbusho. Yaelekea watu waliutunga wakiwa wameshavaa raba, kwa kuwakumbuka wazazi wao. Kwangu hiyo inaongeza utamu, haipunguzi.

Palikuwa pia na bibi mmoja wa London mashariki, ghorofa ya juu. Yeye mtu akifa alisema amekuwa "brown bread", mkate wa kahawia. Hakuna hadithi yoyote ndani yake, mkate unaingia kwa sababu "bread" linafanana sauti na "dead", basi. Nilimwelewa haraka kuliko wenzangu, kwa kuwa utotoni tulizungumza kinyume, nyumba tunaiita mbanyu, ili wakubwa wasitusikie. Ni mchezo uleule. Unalizungusha neno mpaka likae mbali kidogo na jambo lenyewe.

Lakini si yote yalikuwa ya kuchekesha, na hapa Mzee alinibadilisha. Usiku mmoja wa Februari nilimuuliza maana ya "gone for a Burton", nimelisikia kwa mhudumu mmoja mtu mzima. Hakunijibu haraka. Kaka yake mkubwa alikuwa kwenye jeshi la anga, kwenye ndege za mabomu. Kule, alisema, rubani asiporudi hakuna aliyesema amekufa. Walisema ameenda kunywa Burton. Mji wa Burton upon Trent ni mji wa viwanda vya bia, kwa hiyo ni kama kusema jamaa katoka mara moja, kaenda kupata moja baridi. Kitanda kinatandikwa, asubuhi analala mwingine. Katika watu wapatao 125,000 waliorushwa na kikosi kile cha mabomu, zaidi ya 55,000 walikufa. Ukianza kulitaja neno lenyewe kila jioni mezani, kesho nani atapanda ndege? Vijana wa miaka ishirini, ishirini na moja. Walijifunika kwa lile neno kama blanketi.

"Na nyumbani kwetu," akasema, "hawakuleta neno la utani. Walileta simu ya maandishi ya serikali." Mwaka 1943. Iliandika kwamba kaka yake amepotea. "Missing." Mama yake akalichukua neno kama lilivyo: kilichopotea huonekana. Mlango wa uani haukufungwa komeo miaka na miaka, baridi inaingia, baba anagomba, mama hasikii, kijana akirudi usiku ataingia vipi? Mzee aliniambia utani wa marubani haukumdhuru mtu, kila mmoja alijua bia ile ni bia gani. Lililomuua mama yake ni lile neno la adabu.

Sikuwa na la kumjibu. Nikamfunika miguu.

Miezi michache baadaye likanipata mwenyewe. Nilimsindikiza bibi yetu mmoja hospitali kubwa ya mkoa, tukakaa wodini mpaka usiku. Kitanda cha jirani alikuwepo mama mgonjwa sana, mapazia yamevutwa. Nikaenda kutafuta maji, niliporudi kitanda kitupu, shuka zimeondolewa. Nikamuuliza yule kijana anayesukuma vitanda, yule mama yuko wapi? Akainamisha sauti: "Rose Cottage." Nyumba ndogo ya mawaridi. Nikasema alhamdulillah, kwa sauti, nikafurahi kabisa, mama wa watu karuhusiwa kwenda nyumbani kwake, tena ana bustani. Kijana akanitazama kama aliyeona jini. Rose Cottage ni jina la siri la mochwari, wanalitumia wahudumu wa hospitali nyingi za Uingereza ili wagonjwa wasishtuke. Halimo kwenye ubao wa mwalimu wangu.

Tukaitwa mafunzo. Mwalimu, nesi mstaafu, alianza na jambo moja: ukimpa mtu habari ya kifo, sema "died". Usiseme amekwenda, usiseme tumempoteza, usiseme amepita. Mtu aliyeshtuka anashika neno lililo karibu, ukimwambia tumempoteza baba yako atakuuliza mmemtafuta wapi. Sema neno, kisha nyamaza. Ile kunyamaza ndiyo kazi. Tukagawanywa wawili wawili tujaribu. Tulikuwa Wanaijeria, Wazimbabwe, Mfilipino mmoja na mimi, wote tulilitafuna lile neno kama mfupa. Mnaijeria mmoja alimwita Mungu mara tatu kabla hajafika kwenye kiini. Mimi nilisema "I am sorry, your father has..." nikakwama hapo, nikatazama viatu vyangu. Kinachonichekesha ni kwamba hata binti wa Kiingereza wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa hapohapo, alisema "passed". Kumbe ubao wa kila mtu una upande wa kushoto.

Niliwacheka Waingereza na mawaridi yao, kisha kwetu wakanipigia simu. Agosti, mchana, nimelala baada ya zamu. Kaka yangu mkubwa: "Mdogo wangu, umeamka? Kaa kwanza. Baba kapumzika." Nikamwambia vizuri, maana usiku wa jana uliniambia halali kabisa, mwache apumzike, kapumzika chumbani au kibarazani? Kaka akakaa kimya. Nikarudia swali. Lugha yangu mwenyewe, niliyonyonya, na nilikuwa nauliza kama yuko chumbani au kibarazani. Akasema, "Inna lillahi", akaishia katikati. Hapo ndipo nikasikia vilio nyuma yake, na mtu anaulizia turubai.

Walizika alasiri ileile, kama inavyotakiwa. Niliona kwa simu ya mpwa wangu, mkono unamtetemeka, nusu mbingu nusu migongo ya watu. Mpaka leo sijaamua kama ningependa kaka aniambie kwa neno moja kavu. Siku nyingine naona lingenipasua. Siku nyingine naona zile sekunde nilizokaa nikidhani baba kalala kibarazani alinizawadia, kwa bahati mbaya.

Niliporudi kazini Mzee alijua. Hakusema pole ya kawaida. Aliniuliza, kwenu mtu akifa vijana wa mitaani wanasemaje? Nikamwambia hayo si ya msibani. Akasema ndiyo maana ananiuliza mimi. Nikamtajia: kadanja, kadedi, kakata moto, kakata kamba, karudisha namba. Hilo la mwisho akanisimamisha. Kurudisha namba, namba gani? Nikamweleza nilivyoweza, kama mtu aliyepewa namba, muda wake ukiisha anairudisha. Mzee alikaa kitako kitandani. Alitumikia jeshi miaka miwili, kwa lazima, kama vijana wote wa wakati wake, kuanzia 1952. Akaitaja namba yake ya jeshi yote, tarakimu kwa tarakimu, bila kukwama, mtu ambaye jana yake hakukumbuka kama amekula. Akasema, basi, Mzee bado hajarudisha namba. Andika hivyo.

Kuanzia siku hiyo ndoo ikastaafu.

Nikamsimulia habari za watani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipomzika babu. Sisi Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi na Wasukuma, utani wa tangu misafara ya kwenda pwani. Jeneza limefika makaburini, wanaume wametulia, shekhe anajiandaa, mara mtani mmoja akarukia kaburini, akajinyoosha kwenye mwanandani kama mwenye nyumba. Akasema hapa hashuki mtu, huyu mzee nilimdai akiwa hai, alikula kuku wangu, nilipwe kwanza. Watu wazima waliokuwa wanalia wakaanza kuchekea kwenye kanzu zao. Akajifanya babu, sauti yake, kikohozi chake, alivyokuwa akigombana na redio. Baba yangu, mwenye msiba, machozi yanamtoka na anacheka na anatafuta pesa mfukoni, vyote pamoja. Angefanya hivyo mtu mwingine yeyote, jirani, rafiki, angetolewa pale kwa fimbo. Mtani ana ruhusa. Mzee akafikiri, akasema kwao hakuna kabila la kufanya kazi hiyo, kwa hiyo mwenye kufa inabidi aifanye mwenyewe.

Alikufa Januari, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Nilikuwepo, nimemshika mkono, pumzi zikawa mbalimbali, kisha nikawa nasubiri moja ambayo haikuja. Nikamwita nesi. Tulipomaliza, akafungua dirisha kidogo, desturi ya manesi wengi wa huku, roho ipate njia. Nikaenda kwenye daftari. "05:20. Died peacefully. Nurse present." Kalamu haikukwama.

Nesi ndiye aliyempigia binti yake. Alifika saa moja asubuhi, mama wa miaka sitini na kitu, koti juu ya nguo za kulalia. Akakaa na baba yake, kisha akatoka akanikuta jikoni naweka maji ya chai. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyemfundisha ile habari ya namba. Nikahisi moyo umeshuka tumboni, nikaliona lile daftari la wiki ya tatu, kidole cha meneja. Nikasema ndiyo, mama, samahani. Akasema kwa miezi mitano kila akimpigia simu Jumapili baba yake hakusalimia, alisema tu, bado ninayo namba.

Kisha akasema, "Basi kairudisha." Akacheka, kicheko kikamgeukia mdomoni kikawa kilio, akashika ukingo wa sinki. Nikanyamaza, kama tulivyofundishwa. Maji yakachemka, birika likajizima.

Alipojifuta uso aliniuliza kama ile ya mtu kuingia kaburini ni kweli au baba yake aliongeza chumvi. Nikamwambia ni kweli, nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale. Akataka kujua yule jamaa alilipwa ngapi.

"Shilingi elfu tano," nikamwambia. "Na kofia ya babu. Kuku aliletewa jioni."